Wanunuzi wa Menyu

Wendelin Hyera alikuwa na kibanda cha kujaza nyimbo kwenye simu, pale Mbinga mjini, hatua chache kutoka stendi, na juu ya kibanda kulikuwa na bango: MTAALAMU WA SAUTI NA PICHA. Herufi za bango zilikuwa kubwa kuliko utaalamu. Alijua kuhamisha nyimbo kutoka laptopu kwenda kwenye simu, alijua kuondoa virusi ambavyo mara nyingi alikuwa ameviweka mwenyewe, na zaidi ya yote alijua kuzungumza. Mtu alifika kwake na simu inayokoroma, akaondoka na simu ileile inayokoroma, ila sasa akiamini kwamba simu nzuri ndivyo zinavyolia.

Siku mambo haya yalipoanza alikuwa kwenye hoteli ya mama mmoja aitwaye Lidia, asubuhi ya baridi ya Julai, anakula maandazi na kuangalia nani anaingia. Lidia alikuwa na runinga ukutani na deki ya DVD ya miaka mingi. Aliweka diski ya kwaya, diski ikaimba mpaka ikaisha, ikarudi yenyewe kwenye menyu, ile picha ya mwanzo yenye vitufe vya kuchagua nyimbo. Mikono ya Lidia ilikuwa kwenye unga, rimoti ilikuwa mbali, kwa hiyo menyu ikabaki pale inaimba kipande chake cha nusu dakika, kikiisha kinaanza upya. Sauti ya mwanamume mmoja, nzito, bila kinanda:

*Nivushe, Bwana, nivushe, maji yamenifika kifuani. Ukinifikisha ng'ambo, nitaku...*

Hapo kinakatika. Kisha: *Nivushe, Bwana, nivushe.*

Wateja wa Lidia walikuwa wamekisikia kipande hicho miaka na miaka, na kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu ahadi ile iliyokatwa katikati ya neno. Wengine walisema nitakutolea sadaka. Wengine nitakujengea kanisa. Fundi viatu wa jirani alishikilia kwamba ni nitakukimbia, lakini huyo alikuwa na historia yake.

Meza ya dirishani alikaa Edmund Ndunguru, mnunuzi wa kahawa. Wakulima wa Maguu walimwita Mzee Mizani, kwa sababu mizani yake ilikuwa na tabia ya kusahau kilo mbili tatu katika kila gunia, na haikuwahi hata mara moja kusahau kwa faida ya mkulima. Edmund aliacha kutafuna.

"Lidia, wimbo huo unaitwaje?"

"Sijui, mzee. Haumo kwenye orodha."

"Haumo vipi na ninausikia?"

"Uko kwenye menyu tu. Nyimbo za diski ni kumi, na huo si mmojawapo."

"Niuzie hiyo menyu basi."

"Menyu yangu ile pale ukutani. Kama unaagiza, agiza."

Watu wakacheka. Wendelin hakucheka. Masikio yalimsimama kama ya mbwa aliyesikia sufuria ikikwanguliwa. Alichukua kikombe chake cha chai, akahamia meza ya dirishani bila kualikwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe si yule wa kibanda cha kelele?"

"Ndiye. Mzee, nikuulize jambo moja tu, kisha nikuache unywe chai. Wimbo ule ni wa nani?"

"Wa kwaya."

"Kwaya ina nyimbo kumi. Zimeandikwa kwenye kasha, zina majina, zina wenyewe. Ule wa kwenye menyu umeandikwa wapi?"

Edmund akatazama kasha la diski juu ya deki. Kweli, haukuandikwa.

"Unaona?" Wendelin alishusha sauti, akawa mpole kama daktari anayekuja na habari mbaya. "Menyu ni kitu kingine, wimbo ni kitu kingine. Sheria inautambua wimbo. Menyu haina mwenyewe. Atakayeitoa sauti ile mle ndani na kuisajili kwenye kampuni ya simu, ndiye baba yake. Fikiria, mtu anakupigia, kabla hujapokea anasikia *Nivushe, Bwana, nivushe*. Anautaka na yeye. Anakatwa salio kila mwezi. Mbinga nzima, Songea, Nyasa, kila anayemwogopa Mungu na kila mwenye deni naye. Wote wanakatwa, na wewe umelala."

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Edmund. Kupata huku umelala! Hata mizani ilihitaji mtu wa kuisimamia.

"Kwa nini hukuifanya wewe?"

"Sauti ya menyu ina kufuli, mzee. Ufunguo wake unatoka Ujerumani, unalipiwa. Mimi nina mikono, sina ufunguo."

Edmund alilipia ufunguo siku ileile. Na kwa kuwa ufunguo huo ulileta aibu kubwa baadaye, tuseme kazi yenyewe ilivyo, asije mtu mwingine akaingizwa mjini. Diski ya DVD ukiifungua kwenye kompyuta unakuta mafaili yenye majina ya herufi na namba. Makubwa ni nyimbo. Dogo, lililokaa juu ya wenzake, ni menyu. Unalichukua hilo dogo, unalipitisha kwenye programu ya bure inayotenganisha sauti na picha, unabonyeza, unasubiri muda wa kumenya ndizi. Basi. Hakuna Mjerumani.

Wendelin, hata hivyo, aliiazima diski kwa Lidia, akaifanya kazi hiyo siku tatu. Alivaa glavu. Aliifunika laptopu kitambaa cheusi, na Edmund alipokuja kuchungulia alizuiwa mlangoni kwa kidole kimoja kilichoinuliwa, kwamba sauti ikishtuka inarudi ndani. Siku ya tatu alimkabidhi flashi kwa mikono miwili, na mnunuzi wa kahawa akaipokea namna watu wanavyopokea mtoto mchanga.

Kesho yake Edmund alirudi uso umemvimba.

"Umeniuzia wimbo uliokatwa ulimi!"

"Ndivyo menyu ilivyo, mzee."

"Mke wangu ameusikiliza mara moja akaniuliza, nitaku nini? Nikamwambia sijui. Akasema basi nani atalipia wimbo ambao hata mwenye nao hajui unasema nini? Kijana, nataka uliobaki."

Mtu mwingine angefunga kibanda akahama. Wendelin alihisi furaha. Mteja aliyerudi kulalamika ni mteja ambaye bado ana imani. Alichukua kasha la diski, akaligeuza, na nyuma yake, chini ya picha ya wanakwaya waliovaa sare za kijani, akaona namba ya simu na jina: Restituta, Katibu, Kwaya ya Mtakatifu Monika, Mbamba Bay.

Alipiga palepale, mbele ya Edmund, na sauti yake ikavaa suti.

"Shikamoo mama. Naitwa Bwana Hyera, natoka Taasisi ya Kuhifadhi Sauti za Kale."

"Marahaba," ilijibu sauti ya mwanamke mtu mzima. "Taasisi ya nini, mwanangu?"

"Ya Kuhifadhi Sauti, mama. Kuna wimbo kwenye menyu ya diski yenu namba tatu."

Kuku alisikika upande wa pili.

"Nivushe," mama alisema.

"Huohuo. Tunatafuta kipande kilichobaki."

"Kipo. Njooni. Lakini mje na hiyo mitambo yenu ya kutolea, maana hapa kwetu hakuna aliyeweza."

Waliondoka Jumatano na pikapu ya Edmund. Barabara ya lami ilishuka kutoka kwenye migomba na mibuni ya Umatengo, kona baada ya kona, mpaka baridi ikaisha na ziwa likatokea chini. Njia nzima Wendelin alimfundisha Edmund namna ya kuwa Mkurugenzi. Asiseme sana. Atikise kichwa. Wakiulizwa fedha, atazame mbali. Mwenyewe, moyoni, alikuwa ameshapanga kwamba wakishaupata wimbo mzima, Edmund atapewa flashi moja, na mwenye baa moja ya Songea atauziwa wimbo uleule kama haki yake peke yake.

Restituta walimkuta nyuma ya nyumba yake anageuza dagaa juu ya kichanja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, mfupi, kanga kiunoni, mikono inameta magamba. Alinawa, akawasalimu, akawapa viti, akawauliza habari za Mbinga na za baridi na za kahawa. Kwenye kahawa Edmund alitazama mbali.

"Aliyeimba ni mume wangu, Kilian," alisema walipomaliza salamu. "Marehemu sasa, mwaka wa sita. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Wimbo ule aliutunga mwenyewe, tukaurekodi pamoja na zile nyingine, lakini paroko wa wakati huo akaukataa. Alisema una maneno ambayo mtu hamwambii Mungu."

"Maneno gani?" Edmund alisahau kwamba Mkurugenzi hasemi.

"Mtayasikia. Basi fundi aliyetutengenezea diski aliupenda. Akaukata vipande vinne, kila kipande akakificha kwenye menyu ya diski moja, ya kwanza mpaka ya nne, mahali ambapo paroko hatasikiliza. Alikata kwa saa, hakukata kwa maana. Nusu dakika, nusu dakika. Baadaye radi ikapiga kompyuta yake, na wimbo mzima ukaenda na radi."

Akaingia ndani, akatoka na diski nne zilizofungwa kwenye kitambaa cha kanisani.

"Mimi nikitaka kumsikia mume wangu akimaliza wimbo, naweka ya kwanza, naitoa, naweka ya pili, naitoa. Kila Jumapili mchana. Kati ya kipande na kipande unasikia deki ikikoroma. Kilian hakuwahi kukoroma."

Edmund alishusha macho. Wendelin naye alishusha macho, ila yeye alikuwa anaangalia kama diski zina mikwaruzo.

"Mama," alisema, "sisi ndiyo kazi yetu. Leo utamsikia moja kwa moja."

"Na mnataka nini?"

"Saini tu. Ya kuhifadhi."

Laptopu ya Wendelin haikuwa na mahali pa kuingiza diski. Kule Mbinga alikuwa ameazima kifaa cha pembeni cha kusomea diski. Restituta alisema hiyo si shida, kwa Hafidha kuna kompyuta kubwa ya zamani inayomeza kila kitu. Steshenari ya Hafidha ilikuwa barabarani karibu na soko. Hafidha alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, babu yake alikuja na biashara kutoka Kilwa, na kazi zake zilikuwa kutoa fotokopi, kuchapa barua za maombi na kurekebisha Kiswahili cha wanaoomba.

"Karibuni, wataalamu," alisema, akawapisha kwenye kiti bila swali lolote. Mtu mwenye akili zake angelitilia shaka jambo hilo. Wendelin aliona ni heshima.

Hapo hakuwa na kitambaa cheusi wala glavu, na wanawake wawili walikuwa wamesimama nyuma ya mabega yake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utaalamu alifanya kazi kama inavyotakiwa. Diski ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilikuwa na ukungu. Hafidha akaipangusa kwa kitambaa cha miwani. Wendelin alitoa mafaili madogo manne, akatenganisha sauti na picha, akavipanga vipande kimoja baada ya kingine, akakata ukimya uliokuwa mwanzoni na mwishoni mwa kila kimoja, akaunganisha. Kiungo cha kwanza kilikuwa na mruko. Alikirudia. Hakuna aliyemwomba akirudie. Alikirudia mara tatu, ametoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, na kama kuna saa moja katika maisha ya Wendelin Hyera anayoweza kuionyesha mbinguni, ni hiyo, na aliitumia kwa kujiandaa kuiba.

Alibonyeza. Kilian aliimba dakika mbili bila deki kukoroma. Walipofika kwenye lile neno, Edmund alishika ukingo wa meza.

*Ukinifikisha ng'ambo, nitakuuliza: Bwana, mbona ulikawia?*

Hafidha alicheka kwa pua. Edmund akasema, "Ndiyo maana paroko!" Restituta alisimama amekunja mikono, machozi yanashuka bila kelele, mpaka kipande cha mwisho kilipoisha, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga na kuomba uchezwe tena. Ukachezwa tena. Wendelin alihisi kitu kidogo kikimgusa chini ya mbavu. Alidhani ni njaa.

"Sasa karatasi," alisema.

"Hafidha atachapa," Restituta alisema. "Wewe mwambie maneno."

Wendelin akasimama katikati ya duka, mikono nyuma, akaanza kumtajia maneno. Kwamba Kwaya ya Mtakatifu Monika inawauzia mabwana Hyera na Ndunguru. Hapo Restituta akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani, mwanangu. Mimi nisiyesoma sana naomba kuelewa. Mnanunua wimbo wa Kilian?"

Lilikuwa swali la hatari. Mwanamke aliyelia hivi punde anaweza kubadili mawazo. Wendelin alitabasamu.

"Hapana, mama! Wimbo ni wenu, nani auguse? Menyu ni kitu kingine, wimbo ni kitu kingine. Sisi tunachukua menyu tu."

"Menyu zote nne?"

"Zote nne. Hamzihitaji tena."

"Andika hivyohivyo, Hafidha. Ili nielewe."

Hafidha aliandika hivyohivyo, vidole vikikimbia. Edmund alitia saini bila kusoma. Miaka yote aliishi kwa kutegemea watu wasiosoma karatasi, na hakuwahi kufikiri kwamba naye ni mmoja wao. Wendelin alitia saini yenye mikia mitatu. Muhuri wa kwaya ukagongwa. Kisha, kwa kuwa Mkurugenzi hawezi kuondoka hivihivi, Edmund alitoa bahasha aliyoileta, nene, ya shukrani kwa kwaya, na Restituta akaipokea kwa kupiga goti.

Wakati wanawake wanashukuru, Wendelin alihamishia wimbo kwenye flashi yake, akaufuta kwenye kompyuta, akaufuta tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Flashi nyingine, tupu kabisa, alimkabidhi Restituta.

"Hii ni yako, mama. Kumbukumbu."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Sasa hamwondoki bila kula."

Walikula ugali na mbasa wa kuchoma nyumbani kwa Restituta, samaki mnene, mafuta yanatiririka, na mama aliwasimamia kama mabwana harusi. Kila waliponyanyuka aliongeza kipande. Edmund alifungua kifungo cha suruali. Wendelin alisimulia habari za makao makuu ya Taasisi, akayaongezea ghorofa. Hafidha hakuja, alisema ana kazi ya kumalizia.

Mchana ulikuwa umeshaanza kupoa walipopanda pikapu. Walipokuwa wanapita mbele ya steshenari, Edmund alikanyaga breki.

Sabufa ya Hafidha ilikuwa imetolewa nje, juu ya kiti. Barabara nzima ilikuwa inasikiliza. *Bwana, mbona ulikawia?* Wauza nyanya walikuwa wameshajua kiitikio.

Wendelin aliruka nje kabla gari halijasimama vizuri.

"Nilifuta!"

"Ulifuta," Hafidha alikubali, miwani puani. "Mara mbili, nilikuona. Lakini kaka yangu, watu hapa wanafuta vyeti vyao kila siku kisha wanakuja kunililia. Kompyuta hii kila kinachowekwa inakitunza mahali pa pili. Nimechukua huko."

"Wimbo huo tumenunua!" Edmund alifoka. "Tuna karatasi!"

"Someni."

Edmund alisoma, kwa mara ya kwanza. Midomo ilikuwa inatembea. Kwaya imewauzia mabwana waliotajwa menyu nne za diski zake, yaani picha za mbele, maua ya pembeni, na vitufe vyote: Cheza Zote, Chagua Wimbo, na Rudi. *Wimbo unaosikika humo ni mali ya kwaya na wauziwa wamekiri kwamba menyu ni kitu kingine, wimbo ni kitu kingine.*

"Maneno yake mwenyewe," Hafidha alisema, akimwonyesha Wendelin kwa kalamu. "Hapo sikuongeza hata nukta."

Restituta alikuwa amewafuata kwa miguu, bado ana mwiko wa ugali mkononi.

"Fomu ya kampuni ya simu tulijaza mwaka juzi," alisema. "Ilikosekana sauti. Fundi mmoja wa Songea alitaka tumpe bei ya ng'ombe ili aitoe. Ulipokuwa unanawa mikono, Hafidha aliituma. Na flashi uliyonipa haina kitu, mwanangu, Hafidha alikuona hukuweka kitu humo. Nimekurudishia, iko kwenye kiti cha gari. Huenda utapata mwingine wa kumpa."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomuumiza Wendelin. Alizoea kufukuzwa kwa mawe na matusi, jambo ambalo humpa mtu heshima fulani. Hapa wauza nyanya walimwangalia kidogo tu, wakarudi kwenye wimbo.

Pikapu ilipanda milima. Edmund aliendesha bila kugeuka, taya limekaza. Kwenye kona ya juu, mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya mwisho, alisimamisha gari na kuzima injini.

"Shuka."

Wendelin hakushuka. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kazi bila yeye, kama mguu wa kuku aliyechinjwa.

"Mzee wangu, umekasirika kwa sababu hujaona tulichonunua. Wimbo ni wa nini? Wimbo kila mtu anao. Lakini vitufe! Maua yale! Diski zenyewe zinakwisha duniani, mzee, miaka mitano ijayo mtoto hatajua menyu ni nini. Kuna watu nje huko wanakusanya vitu hivi. Picha za menyu za kwaya ya Ziwa Nyasa, zenye karatasi, zenye muhuri! Tutavuna mara kumi ya bahasha."

Edmund alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tamaa, lakini ujinga wake ulikuwa na saa za kazi, na saa zilikuwa zimekwisha.

"Mara kumi?"

"Kwa uchache!"

"Una uhakika?"

"Naapa kwa kaburi la bibi yangu."

"Vizuri. Mimi ni mtu mzima, siwezi kungoja miaka mitano. Nakuuzia nusu yangu. Wewe bado kijana, utavuna." Alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akachukua begi la laptopu ya Wendelin, akaliweka mapajani mwake mwenyewe. "Bei ni hii."

Wendelin alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba vitufe havina thamani? Ameapa sasa hivi kwamba vina. Kwamba laptopu ina thamani zaidi? Basi mara kumi ya nini? Alitafuta mlango katika maneno yake mwenyewe, akakuta kila mmoja ameupigilia misumari vizuri kwa ndani.

"Mzee, biashara haiendi hivyo..."

"Inaenda hivyo. Mimi nanunua kahawa miaka ishirini. Mtu akisifia sana gunia, namwambia alibebe mwenyewe." Edmund akamtilia karatasi mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko. "Hongera. Menyu zote nne ni zako peke yako. Shuka."

Akashuka. Pikapu iliondoka na kutoweka kwenye kona, na Wendelin akabaki kwenye ukingo wa lami, na karatasi yenye muhuri halali, tajiri wa maua ya pembeni. Upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kuwa baridi. Aliisoma karatasi yote, polepole, akitafuta kosa la kisheria. Halikuwapo. Hafidha alikuwa na Kiswahili kizuri mno.

Baada ya muda lori la mihogo lilikuja linapanda kwa kunguruma, akalipungia mikono yote miwili. Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Mbinga?"

"Mbinga, kaka."

"Una nini cha kunipa?"

Wendelin alijipapasa mifuko. Kisha akasimama wima, akarekebisha kola ya shati, akatoa ile karatasi na kuinyoosha juu ya paja.

"Kaka," alisema, sauti imeshavaa suti, "nikuulize jambo moja tu. Wewe kitufe unakifahamu?"

Dereva alimtazama muda mfupi, akaingiza gia. Lori lilipopotea kwenye kona Wendelin alikuwa bado kwenye utangulizi.